Mkono na Mashahidi Wake

Mtu akitaka kuthibitisha neno lake, husema: «Nililishika kwa mkono wangu mwenyewe.» Jicho laweza kudanganywa na giza, na sikio laweza kudanganywa na upepo, lakini mkono, kwa mawazo ya wengi, haudanganyiki. Muuza nguo humwambia mnunuzi: «Shika, ujionee.» Mama akiambiwa kwamba mtoto ana homa, hatosheki na maneno, huweka kiganja penye paji la uso wa mtoto. Basi mkono umepewa heshima ya shahidi mkuu.

Je, heshima hiyo ni ya haki? Na kama mkono waweza kukosea, mtu afanye nini asije akahukumu vibaya? Maswali hayo si ya wenye elimu tu. Yanahusu afya ya mtoto, bei ya sokoni, na jina jema la jirani.

1. Mlango mmoja au milango mingi?

Tangu zamani watu huhesabu milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Jicho hupokea mwanga, sikio hupokea sauti. Lakini kugusa hupokea nini? Mtu akishika chungu, mkono humwambia mara moja kwamba chungu ni kigumu, ni kizito, ni cha moto, kina mikwaruzo, tena kimelowa. Hayo ni mambo mbalimbali, wala hayafanani. Ndiyo sababu Aristoteles, Myunani mwenye hekima aliyeishi miaka zaidi ya 300 kabla ya Kristo, aliuliza katika kitabu chake juu ya roho kama kugusa ni fahamu moja au ni nyingi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefafanua kitabu hicho katika karne ya 13, alilichungua swali lilo hilo.

Waliokuja nyuma walichunguza ngozi yenyewe. Mwaka 1882 Magnus Blix, mtu wa Uswidi, alionyesha kwamba ngozi haisikii baridi na joto mahali pote sawasawa. Pana nukta ndogo zisikiazo baridi, na nukta nyingine zisikiazo joto, na za baridi ndizo nyingi zaidi. Wengine, wakitumia hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, waliona ndani ya ngozi viungo vidogo sana vya kupokea habari, na kila namna ina kazi yake. Vile vilivyoitwa kwa jina la Merkel husikia kitu kinachobonyeza ngozi, na kingo zake. Vya Meissner husikia kitu kinapoanza kuteleza vidoleni. Vya Pacini husikia mtetemo. Vya Ruffini husikia ngozi inapovutwa. Mwaka 1979 Waswidi wawili, Johansson na Vallbo, walikadiria kwamba upande wa ndani wa mkono mmoja una mishipa ya kugusa ya namna hizo nne ipatayo 17,000. Juu ya hiyo kuna mishipa ya joto, ya baridi na ya maumivu. Tena kuna mingine ndani ya misuli na maungo, itoayo habari ya uzito na ya mkono ulivyokunjwa.

Basi jibu ni hili: mlango wa kugusa ni mmoja kwa jina, bali ndani yake wamesimama walinzi wengi. Kila mlinzi anajua neno moja tu.

2. Unyevu hauna shahidi wake

Jambo moja litaonyesha ajabu ya kazi hiyo. Kila mtu hudhani kwamba ngozi yake husikia maji. Hata mtoto mdogo hulia akilowa. Lakini wenye elimu wamechunguza, wala hawakupata katika ngozi ya mtu kiungo hata kimoja cha kusikia unyevu. Mende anacho katika vipapasio vyake, mtu hana.

Basi mtu ajuaje kwamba amelowa? Mwaka 1900 Mmarekani mmoja, Bentley, aliwafunika watu kidole kwa ngozi nyembamba isiyopitisha maji, kisha wakakitia kidole hicho majini. Kidole kilibaki kikavu kabisa. Hata hivyo watu walisikia kama kimelowa. Sababu yake ni hii: walisikia baridi, tena walisikia mbonyeo mwororo ulioenea sawasawa pande zote. Baridi ilileta neno lake, mbonyeo ukaleta neno lake, na akili ikayaunganisha ikasema: «Maji.» Hakuna shahidi aliyesema «maji», ni hukumu iliyotoka kwa mashahidi wawili.

Jambo hilo wanawake wanalijua bila kusoma kitabu. Mwanamke akienda kuanua nguo jua likiisha kutua, hushika kitambaa akadhani hakijakauka. Kimbe kimekauka tangu saa nane mchana, ila kimepoa. Basi hukikunja, hukifinya, hukisugua shavuni. Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu anatafuta shahidi mwingine. Kitambaa kilicholowa hushikamana na ngozi, tena ni kizito; kilichopoa tu hakishikamani wala hakina uzito.

3. Jinsi habari zinavyounganishwa

Habari za mkono hazifiki zote pamoja. Mwenye kutwanga akijipiga kidole kwa mchi, husikia kwanza pigo, ndipo baadaye kidogo uchungu uunguzao. Ni kwa sababu mishipa ya kugusa hupeleka habari mbio sana, makumi ya metro kwa sekunde moja, lakini mishipa ya uchungu ule wa polepole hupeleka metro moja hivi tu kwa sekunde. Hata hivyo mtu hasemi kwamba mambo mawili yamempata. Husema: «Mchi umeniumiza.» Ubongo umengoja, umekusanya, umefanya habari moja.

Mkulima naye apigapo jembe ardhini, hajui tu kwamba mpini umetetemeka mkononi mwake. Anajua kwamba ncha ya jembe imegonga jiwe, au mzizi, au udongo mtupu. Mkono haukuligusa jiwe, bali mtetemo umepanda kwa mpini, na uzito, na sauti ya jembe vimeshuhudia pamoja, akili ikalijua jiwe lililo chini ya udongo.

Hata sikio hushauriana na mkono. Mwaka 1998 Jousmäki na Hari katika nchi ya Ufini waliwasikilizisha watu sauti ya mikono yao wenyewe ikisuguana. Walipoikuza sehemu ya juu ya sauti, ile nyembamba, watu walisikia ngozi yao kuwa kavu kama karatasi. Mikono haikubadilika, shahidi mmoja tu ndiye aliyebadilishwa.

4. Mkono hukosea

Kama hukumu ya mkono imeundwa na maneno ya mashahidi wengi, basi yaweza kupotoka.

Msomaji apishanishe vidole viwili, cha shahada na cha kati, kisha abingirishe punje moja ya mbaazi kati ya ncha zake, amefumba macho. Atasikia mbili. Aristoteles aliliandika jambo hilo, akasema kwamba kugusa hushuhudia mbili na jicho hushuhudia moja. Katika mwaka 1846 Ernst Weber, mwalimu wa Leipzig, aliandika kwamba sarafu ya baridi ikiwekwa juu ya paji la uso huonekana nzito kuliko sarafu ya vuguvugu, ingawa uzito ni sawa. Mwaka 1891 Charpentier, mganga wa Ufaransa, aliandika juu ya vitu viwili vyenye uzito sawa, kimoja kikubwa na kimoja kidogo: akiviinua mtu, kile kidogo humwelea kuwa kizito zaidi. Na la ajabu ni kwamba hata akiisha kuviweka kwenye mizani akaona ni sawa, akiviinua tena kile kidogo kitaendelea kuonekana kizito. Kujua hakuliondoi kosa.

Hapo mwenye dhamiri ataona wajibu wake. Palipo na mizani, haifai mwuzaji kusema: «Pima kwa mkono, utaona.» Asiyejua hana hatia. Lakini mwenye kujua kwamba kikapo kidogo humdanganya mnunuzi, akakitumia makusudi ili auze unga mchache kwa bei ya mwingi, huyo ni mwizi kama yule atiaye mkono mfukoni mwa mwenziwe. Udhaifu wa mkono wa jirani si mali ya mtu kuichuma.

5. Je, mkono ni mwongo?

Wengine watasema: «Ikiwa ni hivyo, mkono ni mwongo, heri tusiusadiki.» Hapana. Katika kitabu chake cha mwaka 1690 Mwingereza John Locke alieleza kwamba maji yale yale yaweza kuwa ya baridi kwa mkono mmoja na ya moto kwa mkono wa pili. Mtu atie mkono mmoja katika maji ya moto kiasi, na wa pili katika maji ya baridi, kisha aitie yote miwili katika maji ya vuguvugu. Mkono uliotoka motoni utasema «baridi». Uliotoka baridini utasema «moto». Hakuna uliosema uongo. Kila mmoja ulieleza kweli mabadiliko yaliyoupata. Kosa ni la mwamuzi, akidhani kwamba ameambiwa habari za maji tu, kumbe ameambiwa habari za maji na za mkono pamoja.

Jambo hilo si mchezo. Mama aliyekuwa akifua mtoni ana mikono ya baridi. Akimgusa mtoto mzima, atamwona ana moto. Mama aliyekuwa akisonga ugali karibu na moto ana mikono ya joto, akimgusa mtoto mwenye homa, atasema: «Hana kitu.» Tena homa ya malaria inapoanza kupanda, mtoto hutetemeka, na mikono na miguu yake huwa ya baridi, ambapo ndani mwili unazidi kuwaka. Anayegusa mguu peke yake atamfunika nguo, aende zake shambani. Mwili wa mtu mwenye afya una joto la karibu na 37. Ukifika 38, ni homa. Mkono haujui kuhesabu hivyo.

Mama afanye nini, basi? Asiache kumgusa mtoto wake. Mguso wa mama ndio unaoonya kwanza. Lakini angoje mikono yake irudi katika joto lake la kawaida. Aguse tumbo na shingo, si mguu tu. Atazame macho ya mtoto na asikilize pumzi zake. Aulize kama amekula na kunywa. Kisha, akiona shaka, ampeleke kwenye kituo cha afya, wampime kwa chombo cha kupimia homa na kumchunguza damu. Chombo kile hakikutoka mtoni wala jikoni. Ni shahidi aliyekuja kwa njia nyingine.

Na anayesema kwamba ni heri kuwa bila mkono usikiao kuliko kuwa na mkono ukoseao, amfikiri mwenye ukoma. Ugonjwa huo huharibu mishipa ya mikono na miguu, hata mtu hasikii moto wala mwiba. Watu wa zamani walidhani kwamba vidole vyake huoza vyenyewe. Lakini Paul Brand, mganga Mwingereza aliyefanya kazi huko Vellore katika Bara Hindi tangu mwaka 1946, aliwachungua wagonjwa wake akatambua kwamba vidole vingi hupotea kwa sababu ya majeraha na kuungua ambako mgonjwa hakukusikia. Alishika sufuria ya moto, wala hakuna shahidi aliyepiga kelele. Tangu miaka ya 1980 ziko dawa zinazochanganywa pamoja na kuuponya ukoma. Lakini mishipa iliyokwisha kuharibika hairudi kwa urahisi, basi afikaye mapema huokoa mikono yake. Na mwenye ukoma aliyekwisha kupona, hana kosa la kuepukwa.

Ndiyo kusema: shahidi mwenye kukosea mara kwa mara ni bora kuliko kukosa shahidi. Lililo lazima ni mwamuzi mwenye busara.

6. Watatu juu ya mmoja

Je, mwamuzi awapimeje mashahidi wasiopatana? Mwaka 2002 Ernst na Banks walitangaza majaribio yao. Watu walipima unene wa kitu kwa jicho na kwa mkono pamoja. Jicho lilipoona vizuri, akili ililifuata jicho zaidi. Jicho lilipotiwa kiwi, akili iliuegemea mkono. Ubongo wenyewe, bila kufundishwa, humpa kila shahidi uzito kadiri ya uthabiti wa maneno yake. Ni hekima kubwa iliyomo ndani ya kila mtu, hata asiyejua kusoma.

Lakini hekima hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo waonekana katika habari ya Isaka. Isaka alikuwa mzee, macho yake yamefifia. Rebeka alimvika Yakobo mavazi ya Esau, akamfunika mikono na shingo kwa ngozi za wana-mbuzi, akampa chakula alichopenda baba. Mzee hakuwa mpumbavu. Aliona shaka, akawauliza mashahidi wake. Sikio likasema: «Ni Yakobo.» Mkono ukapapasa manyoya, ukasema: «Ni Esau.» Ulimi ukaonja chakula, ukaridhika. Pua ikanusa mavazi, ikasema: «Ni Esau.» Watatu walimshinda mmoja, na baraka ikatolewa.

Isaka alikosa wapi? Alihesabu, asiulize mashahidi wametoka wapi. Manyoya, mavazi na chakula, vyote vilitayarishwa na mtu mmoja. Hawakuwa mashahidi watatu. Alikuwa Rebeka mmoja mwenye vinywa vitatu. Sauti peke yake ndiyo isiyovikwa kitu na mtu, na sauti ilisema kweli.

Mashahidi wengi wana nguvu ikiwa kila mmoja amefika kwa njia yake. Mkono unaaminika katika mambo ya kila siku kwa sababu baridi, mbonyeo, uzito na mtetemo hupita njia mbalimbali, na ni vigumu zote kukosea kosa moja kwa pamoja. Mtu mmoja akizitayarisha zote, nguvu hiyo imekwisha.

7. Neno juu ya jirani

Mara nyingi kijijini mtoto hufa, na watu hutafuta aliyemwua. Kuna bibi mjane, mzee, akaaye peke yake. Mtu mmoja anasema: «Ni yeye mchawi.» Jioni wawili wanasema hivyo, kesho ni kumi, kesho kutwa kijiji kizima. Kila mmoja hujiona ana hakika, maana ameyasikia pande zote. Mjane hufukuzwa, nyumba yake huchomwa, na pengine hupigwa hata kufa.

Mwenye haki angesimama akawauliza mmoja mmoja: «Wewe uliona nini? Uliambiwa na nani? Na yeye aliambiwa na nani?» Angekuta kwamba vinywa kumi vimekunywa kisima kimoja. Kumi hao ni shahidi mmoja, na huyo mmoja hakuona kitu. Na pengine mtoto yule alikufa kwa homa tu, ambayo mkono uliotoka motoni haukuitambua siku ya kwanza, wala hakuna aliyempeleka kupimwa siku ya pili.

Ubongo hupima mashahidi kwa haraka, mtu asijue. Lakini kuuliza ushahidi umetoka wapi, hiyo si kazi ya ngozi wala ya mishipa. Ni kazi ya akili yenye kutulia na ya dhamiri yenye kuogopa kumdhulumu mtu. Mwanamke aliyeshika nguo baridi wakati wa jioni hakuitupa kwa hukumu ya kwanza. Aliifinya, akaisugua shavuni, kisha akaamua. Kama kitambaa hupewa mashahidi wawili, binadamu hastahili zaidi?

Maswali ya kukumbuka

Je, kugusa ni fahamu moja tu?
Jina ni moja, lakini ndani yake mna mashahidi wengi: wa mbonyeo, wa mtetemo, wa joto, wa baridi, wa maumivu, wa uzito.

Ngozi ya mtu husikiaje maji?
Haina kiungo cha kusikia unyevu. Akili huunganisha baridi na mbonyeo, ikahukumu kwamba ni maji.

Mkono ukikosea, umesema uongo?
La. Umeeleza lililoupata; mwamuzi ndiye aliyefanya haraka.

Mashahidi wengi wanaaminika lini?
Wanapokuwa wamefika kila mmoja kwa njia yake, si kutoka kinywa kimoja.

Mtu afanye nini kabla ya kuhukumu?
Atulie, atafute shahidi wa njia nyingine, naye amsikilize hata yule mmoja asiyepatana na wengine.